Mwaka Niliojifunza Kukata Mstari

Tulimzika Mwalimu Tarmo nyumbani kwake Endagikot, pembeni mwa shamba la mahindi lililokuwa limevunwa wiki chache kabla, na baada ya mazishi tukakaa kwenye mabenchi yaliyoazimwa kanisani kula wali na nyama. Mpwa wake, kijana anayeandika programu huko Arusha, alikuja kukaa karibu yangu na sahani yake akaniuliza marehemu alinifundisha nini hasa, maana kila aliyesimama kutoa neno kaburini alisema kwamba mimi ni mwanafunzi wake. Nikamjibu kwamba alinifundisha kukata mstari wa maandishi kuwa maneno, kwa lugha ya C. Kijana alisubiri niendelee. Alipoona nimemaliza, akacheka kwa adabu, akasema, "Lakini shangazi, siku hizi hiyo kazi ni amri moja tu. Unaiandika, imekwisha." Nikamwambia naijua hiyo amri, naiandika mwenyewe kila wiki na mshahara wangu unatokana nayo. Ila mimi niliifanya kazi hiyo kwa mkono miezi mitatu mizima, na sijawahi kujuta. Akaniangalia kama mtu anayemwonea bibi yake huruma, kisha akaenda kutafuta soda. Nikabaki nimekaa na sahani mapajani, na mwaka ule wote ukanirudia.

Ni mwaka ule tulipotengwa na Arusha tukaitwa Mkoa wa Manyara. Mimi nilikuwa binti wa miaka ishirini, nimeshuka kutoka baridi ya Mbulu na sweta mbili, nikaja kufanya kazi kwenye kituo cha afya cha misheni upande wa Nangwa, mahali ambapo Mlima Hanang unauona hata ukiwa jikoni. Habari za nyumbani kwetu sitazieleza, kila mtu ana nyumbani kwao. Niliajiriwa kama msaidizi wa kompyuta, cheo ambacho hakuna mtu pale kituoni aliyejua ni cha kufanya nini, na kwa wiki ya kwanza nilitumwa kuchambua maharage. Kompyuta zenyewe zilikuwa mbili, zimenunuliwa mnadani mradi mmoja wa ngano ulipofungwa, na Mwalimu Tarmo alikuja nazo kama mtu anayehama na mbuzi wake. Kule kwenye ngano yeye ndiye aliyekuwa mtu wa kompyuta. Ikaja ile habari ya mashirika kuuzwa na watu kupunguzwa kazini, naye akapunguzwa. Tulimwita Mwalimu kwa sababu hakuna aliyejua kumwita vingine, na pia kwa sababu alikuwa hawezi kukueleza hata njia ya kwenda chooni bila kuchora.

Chumba chetu kilikuwa stoo ya mahindi. Mahindi yaliondolewa, harufu ya dawa ya wadudu ikabaki, na nikivua nguo jioni nilikuwa naisikia kwenye shati. Kulikuwa na dirisha moja lenye wavu, meza mbili za mbao nzito, na viti vilivyotoka wodini ambavyo vilikuwa na namba za vitanda zilizopakwa rangi ya mafuta. Jenereta iliwashwa saa tatu asubuhi kwa ajili ya maabara na kuzimwa saa saba mchana, kwa hiyo kompyuta nazo ziliishi kwa saa hizo. Zilizobaki tulifanya kazi kwa penseli. Watu wa leo nikiwaambia kwamba nilijifunza programu kwa penseli wanadhani nawatania. Mimi nadhani ndiyo sababu mpaka leo nikikosea najua nimekosea wapi, na wala sisemi hivyo kwa kujisifu. Au tuseme nasema kwa kujisifu kidogo.

Siku ya kwanza alichukua kalenda ya mwaka uliopita, akaigeuza, akachora visanduku kwenye mstari mmoja mrefu. "Kwenye C," akasema, "hakuna kitu kinachoitwa neno. Hata mstari haupo. Kuna herufi zimepanga foleni, na nyuma ya herufi ya mwisho kuna sifuri. Sifuri inasema, foleni imeishia hapa. Basi." Nikamuuliza maneno yako wapi sasa. "Utayaona ukiyatafuta," akasema, akanipa penseli. Kazi ilikuwa hii: mtu ameandika mstari kwenye kibodi, amebonyeza Enta, na programu inatakiwa ijue ameandika maneno gani. Unatembea kwenye foleni herufi moja baada ya nyingine. Kila hatua unajiuliza, niko ndani ya neno au niko nje? Ukitoka nje ukaingia ndani, neno limeanza, weka alama pale lilipoanzia. Ukikuta nafasi, neno limekwisha, basi futa ile nafasi uweke sifuri, ili neno lako liwe na mwisho wake. Ukifika mwisho wa foleni una mstari uliokatwa vipande, na pembeni una orodha ya alama zinazosema kila kipande kinaanzia wapi. Ni jambo dogo. Nilipomwonyesha programu yangu ya kwanza aliichapia jina la mtu na kuacha nafasi mbili katikati badala ya moja, nayo ikatoa neno lisilo na kitu. "Huyu mgonjwa ni nani?" akaniuliza. "Hana hata herufi." Nikarekebisha. Akaanza mstari kwa nafasi. Nikarekebisha. Akalaza kidole kwenye kibodi mpaka mstari ukawa mrefu kuliko sehemu niliyoutengea, na kompyuta ikaganda kabisa hadi tukaizima. "Umefungua mlango bila kuuliza wanaingia wangapi," akasema, akatoka kwenda kunywa chai.

Chai ilinywewa saa nne jikoni, kwa viazi vitamu, na mchana tulikula makande au ugali na maziwa mgando yaliyoletwa na wafugaji kwenye vibuyu. Mazungumzo ya jikoni mwaka ule yalikuwa ya aina mbili. Kulikuwa na makao makuu ya mkoa kwenda Babati, jambo ambalo kila mtu alikuwa na maoni nalo kana kwamba aliwahi kuulizwa, na kulikuwa na nani amepunguzwa kazi wapi. Mwalimu alikuwa hasemi lolote kwenye hilo la pili. Siku moja nikiwa nje naosha sahani niliwasikia yeye na Matroni kupitia ukuta wa mbao. Matroni ndiye aliyekuwa mkuu wa kituo, mama wa Kiiraqw mnene mwenye sauti ndogo, na hakuna aliyewahi kumsikia akiipandisha.

"Huyu binti ataolewa kabla mwaka haujaisha," alikuwa anasema. "Wewe unakaa unamfundisha mashine."

"Ataolewa akiwa anaijua," Mwalimu akajibu.

"Na hiyo mashine ikinidanganya?"

"Mashine haidanganyi, Matroni. Inarudia ulichoiambia."

"Mimi nina wagonjwa. Sina muda wa kitu kinachorudia."

Niliosha sahani ile ile mara mbili ili nisikie zaidi, lakini wakahamia kwenye habari za mafuta ya jenereta. Nilifurahi sana. Hakuna mtu aliyewahi kubishana juu yangu kabla ya siku ile, na nilipenda.

Kazi yenyewe ilikuwa ya wagonjwa wa kifua kikuu. Matroni alikubali kompyuta ijaribiwe kwenye kitengo hicho peke yake, kwa sababu kadi za karatasi zilikuwa zinapotea, zinalowa, na mbili tulijua zimeliwa na ndama. Mgonjwa alikuwa anaanzia hospitali kubwa, anatumia dawa za mwanzo huko chini ya macho ya wauguzi, kisha anahamishiwa kwetu awe anachukua dawa kila mwezi. Akifika dirishani, ambako tulihamishia kompyuta moja, nesi wa mapokezi anamuuliza jina, anachapa mstari, programu yangu inaukata, inamtafuta, inaandika kwamba mwezi huu amekuja. Matroni ndiye aliyeweka kanuni ya majina: majina matatu. Mwanamume jina lake, la baba na la babu. Mwanamke aliyeolewa jina lake, la mumewe na la baba mkwe, maana akipotea atafutwe kwenye boma la mume. Kwa hiyo programu iliruka kila "wa", ikachukua maneno matatu ya kwanza na kuachana na mengine. Niliiandika kama nilivyoagizwa, na iliandikwa vizuri. Kitu kimoja tu niligombana na Mwalimu. Alinilazimisha, kabla ya kukata mstari, niunakili mzima na kuutunza kwenye faili pembeni ya yale majina matatu. Nikamwambia tunajaza diski bure. "Ukishaweka sifuri mahali pa nafasi, mstari wako umekufa," akasema. "Ukiuomba tena utakupa neno la kwanza tu na kunyamaza. Nakili kwanza, ndipo ukate." Nikanakili, nimenuna.

Kwa miezi kadhaa mambo yalikwenda. Kisha, mvua za vuli zilipokaribia, Matroni aliingia chumbani kwetu bila kubisha hodi, jambo ambalo hakuwahi kufanya. Programu ilikuwa imemtolea majina ya watoro wa dawa, na karibu wote walikuwa wanawake wa uwandani, wake wa wafugaji wa Kidatooga. Kila mmoja alionekana amekuja mara moja akaingia mitini. "Kuna mmoja yuko dirishani sasa hivi," akasema. "Mashine inasema hajawahi kuonekana. Yeye anasema amekuja kila mwezi. Nesi anasema huenda alimwona lakini hawezi kuapa. Njooni."

Mama aliyekuwa dirishani aliitwa Udaweda. Alikuwa mrefu, amevaa shuka jekundu na bangili za shaba mpaka karibu na kiwiko, na mtoto mchanga mgongoni. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia huku anamwangalia Matroni, kwa sababu alijua neno la kumuumiza litatoka wapi. Matroni alimweleza taratibu kwa Kiswahili, na mwanamke mwenzake kwenye foleni akawa anamtafsiria yale magumu. Anayeacha dawa katikati haendelei alipoishia. Anaanza upya, tena kwa sindano kila siku miezi miwili, na kwa kuwa boma liko mbali itabidi alazwe wodini.

"Mimi nimekuja," Udaweda akasema. "Mwezi ule nimekuja, na ule mwingine nimekuja. Sijaacha."

"Kompyuta haikuoni, mama yangu."

"Mimi iko hapa. Haioni nini?"

Watu kwenye foleni wakacheka, lakini yeye hakuwa anachekesha. Alisema kwamba hawezi kulala wodini miezi miwili, ana ng'ombe wa kukamua na watoto wengine wawili nyumbani, na kama dawa alizokwisha kumeza hazihesabiwi, basi anarudi kwake na hatakuja tena. Alisema kwa utulivu na nilimwamini. Nilimwamini pia Matroni, na hilo ndilo lililoniuma. Alitugeukia mimi na Mwalimu, akasema kwa ile sauti yake ndogo, "Nikimpa dawa mtu aliyeziacha nusu, namtengenezea kifua kisichotibika, na atakigawa boma zima. Nikimfukuza mtu aliyekuja kila mwezi, namuua mimi. Niambieni nifanye lipi." Matroni akamwambia Udaweda akalale kwa ndugu zake Katesh, arudi kesho kutwa asubuhi. Sisi tukaambiwa kwamba asubuhi hiyo hiyo, mashine isipojua kama huyu mama alikuja au hakuja, yeye Matroni anarudi kwenye kadi za karatasi.

Nilimwomba nesi anipishe kwenye kiti chake cha dirishani. Sikuwa nimewahi kukaa pale hata siku moja, mimi kazi yangu ilikuwa nyuma. Nikamwambia Udaweda, mama, hebu niambie jina kama unavyoliambia dirisha kila mwezi, nami nitachapa. Akasema jina lake. Akasema jina la mumewe, Gidamis. Halafu akasimama kidogo, akaangalia pembeni, akasema, "Wa yule aliyempelekea baba yangu asali ya posa." Nilielewa papo hapo, na nilijisikia mjinga wa kwanza Hanang, maana hakuna mtu aliyekulia kati ya Mbulu na Hanang asiyejua jambo lile. Mwanamke wa Kidatooga aliyeolewa hatamki jina la baba mkwe wake. Hatamki hata neno la kawaida linalokaribiana nalo, anatafuta lingine. Ni heshima, na wanaishika kuliko sisi tunavyozishika zetu. Sote tulijua. Matroni alijua, nesi alijua, mimi nilijua tangu utoto kwa kuwasikia majirani. Tulikuwa tunalijua kama jambo la nyumbani kwa watu, la harusini na la kisimani, na hakuna aliyefikiria kwamba litapanga foleni, lifike dirishani, liingie kwenye kompyuta.

Nilirudi chumbani karibu kwa kukimbia, na nakala ya faili kwenye diski, nikaifungua. Nilikuta ninachokitarajia na bado nikacheka mpaka nikakaa chini. Programu yangu ilikuwa imejaza wilaya nzima wanawake ambao baba wakwe zao wanaitwa Yule. Wengine wakwe zao waliitwa Mzee. Kulikuwa na mmoja wa Mwenye na mmoja wa Karibu. Kila mwezi mama yule yule alikuja, akamsema baba mkwe wake kwa maneno yaliyomjia siku hiyo, nesi akachapa kwa uaminifu, na mimi nikachukua maneno matatu nikatupa yaliyobaki. Kila mwezi kompyuta ikaona mtu mpya. Na mwezi uliofuata, yule wa mwezi uliopita akawa mtoro. Mwalimu alisimama nyuma yangu akisoma, na hakucheka. Alisema kanuni ni majina matatu, kwamba tuwaambie waje na waume zao wataje. Nikamwambia mume yuko na ng'ombe, Mwalimu, huyu mama ametembea na mtoto mgongoni. Akasema kompyuta haiwezi kufuata mila za kila boma. Hapo nikamjibu vibaya, kwa mara ya kwanza na ya mwisho. Nilisema kompyuta haifuati chochote, inarudia ulichoiambia, si ndivyo ulivyomwambia Matroni? Aligeuka akaniangalia. Alijua nimewasikiliza ukutani. Akavuta kiti chake chenye namba ya kitanda, akakaa, akasema, "Haya. Mstari una maneno mangapi?"

"Sijui. Kama atakavyosema."

"Basi usihesabu kabla. Kata mpaka uishe."

Ninavyokumbuka, ile ndiyo siku niliyokuwa mtu wa kazi hii. Yaliyofuata, shahada, ofisi yenye zulia, safari za ndege, yote yalikuja baadaye na hayakunibadilisha kama ile asubuhi moja na penseli. Tulichora programu upya nyuma ya kalenda. Mstari ukija, unakiliwe mzima. Ukatwe mpaka sifuri ya mwisho, maneno yawe mengi kadiri ya mstari, ila mlangoni pawe na mlinzi wa kuangalia usizidi sehemu uliyotengewa. Kisha kutafuta: programu isidai kwamba maneno matatu yafanane kwa mpangilio. Ichukue maneno ya mstari wa leo, iende kwenye kila mstari mzima uliotunzwa, nao iukate, na ilete ile mistari yenye maneno mawili au zaidi yaliyomo pia kwenye wa leo, tukiacha vile vineno kama "wa" na "yule" ambavyo kila mtu anavyo. Halafu inyamaze, mtu aamue. Hilo la mwisho nililisisitiza mimi. Mwalimu alitaka programu ichague yenyewe, nikasema hapana, mama yuko pale dirishani na ana mdomo. Tulikuwa na mistari mizima ya miezi yote kwa sababu tu alinilazimisha kunakili, na sikumshukuru siku ile kwa kuwa nilikuwa nimeshughulika. Nilimshukuru miaka mingi baadaye, naye akasema hakumbuki, jambo ambalo siliamini. Jenereta ilipozimwa tukaendelea kwa penseli. Kesho yake saa tatu nikachapa, na kabla ya saa saba ilikuwa inakata.

Udaweda alirudi siku aliyoambiwa, mapema kuliko sisi, pamoja na yule mwenzake wa foleni. Jenereta ilipowashwa Matroni alikuja akasimama nyuma ya kiti changu pale dirishani, na Mwalimu akabaki mlangoni. Nikachapa jina la Udaweda na la mumewe na asali yake, nikabonyeza Enta, na skrini ikaleta mistari, mmoja chini ya mwingine, mmoja kwa kila mwezi aliosema alikuja. Nilitaka kuisoma kwa sauti. Matroni akanigusa bega nisisome. Alimgeukia yule mama wa foleni aliyekuwa anatafsiri, akasema, "Muulize. Mara ya kwanza alipofika hapa dirishani, alimsemaje mzee?"

Udaweda alifikiri. Akasema mara ya kwanza alisema wa mwenye ng'ombe wa mabaka, kwa kuwa siku hiyo alipishana nao njiani wakielekea majini. Kwenye skrini, mstari wa juu: Udaweda wa Gidamis wa mwenye ng'ombe wa mabaka. Na mara ya pili? Akasema anakaa karibu na kisima, ndivyo alisema. Ndivyo ilivyokuwa. Mara ya tatu alisita, akasema hakumbuki vizuri, huenda alisema habari ya mguu. Ilikuwa mguu: baba yao aliyevunjika mguu. Matroni alikuwa ameinama sasa, uso wake uko karibu na wangu, anafuata kwa kidole kwenye kioo. Alisikiliza mpaka mstari wa mwisho. Kisha akanyooka, akasema, "Mpeni dawa za mwezi huu," na kwa Udaweda akasema, "Mama, utusamehe. Ulikuja." Yule mama wa foleni akatafsiri, ingawa hakukuwa na haja. Udaweda alimshusha mtoto, akamnyonyesha pale pale kwenye benchi akisubiri dawa, na mimi nikaingia stoo yetu ya mahindi nikalia kwa furaha mpaka Mwalimu akaja kusema kwamba jenereta haiwashwi kwa ajili ya machozi.

Kadi za karatasi hazikurudi, na wiki ile tuliwapata wanawake wengine wengi ambao hawakuwa watoro hata kidogo. Udaweda alimaliza dawa zake miezi michache baadaye. Siku ya kuandikishwa kwamba amepona alikuja na mumewe, kijana mwembamba mwenye fimbo, ambaye alisogea dirishani kabla yake na kutaja majina matatu kwa mpangilio, la mkewe, lake na la baba yake, safi kabisa, kama kanuni ya zamani ilivyotaka. Nilikuwa nimekaa kwenye kiti cha nesi, nikaanza kuchapa. Udaweda akasema kitu kwa Kidatooga. Mume akacheka, akarudi nyuma hatua moja.

"Anasema aliyepona ni yeye," akaniambia. "Anasema hayo niliyotaja mimi futa. Ataje mwenyewe."

Nikafuta. Udaweda akashika ukingo wa dirisha kwa mikono miwili, akasema taratibu ili niweze kumfuata, na Matroni akaja kusimama kusikiliza. Alisema yeye ni Udaweda, wa Gidamis, wa yule mzee ambaye hamtaji, aliyekuja hapa kwa miguu yake kila mwezi wakasema hakuja, na amepona. Maneno yalikuwa yanaelekea ukingo wa skrini. Nilimwangalia Matroni, maana sehemu ya jina ilikuwa ya jina tu, na hayo hayakuwa jina.

"Andika yote," akasema.

Nikaandika yote, nikabonyeza Enta, na programu ikayapokea mpaka la mwisho.